Mama Aliyesali kwa Kiswahili

Mama hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Ukiitwa usipoitika, alikuja mwenyewe mpaka ulipo, futi ikining'inia shingoni na pini mbili tatu mdomoni, akasimama mlangoni akikutazama hadi uinuke. Aligeuka akarudi kwenye cherehani yake, nawe ukamfuata kuona ni kazi gani inakusubiri. Nimelelewa naye tangu nina miaka minne na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kunikumbatia pia sikumbuki, labda tuhesabu zile siku alizonipima nguo, mikono yake ikinizunguka kiunoni kwa sababu futi haina njia nyingine ya kupita.

Kwa miaka mingi alishona sare za shule katika soko la Kimironko, upande wa mafundi, ambako mashine zimepangwa ubavu kwa ubavu na mtu akitaka kusikika inabidi amwinamie mwenzake sikioni. Sketi za buluu, mashati meupe, kaptula alizozitia viraka kwenye makalio kabla hazijachanika. Ncha za vidole vyake zilikuwa kavu na ngumu. Akikugusa paji la uso kutafuta homa, ulihisi kwanza mkwaruzo.

Watoto wake tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Fabrisi, na hakuna aliyemzaa kati yetu. Yeye na Baba walitutoa kwa masista waliokuwa wakilea watoto wasio na watu. Mimi nilitangulia, nikiwa tayari naongea na kubishana. Fabrisi alikuja baadaye, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nyumbani jambo hilo halikuwa siri, na halikuwa habari pia. Lilikuwepo tu, kama vile ukuta wa jikoni ulivyokuwepo.

Nikiwa shule ya msingi mwalimu alituagiza kila mtu alete picha yake ya utotoni, ibandikwe ukutani. Nilimwambia Mama jioni, wakati anakata kitambaa mezani. Hakuinua kichwa.

"Huna picha ya utotoni."

"Sasa nimwambie nini?"

Alimaliza kukata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, akaweka mkasi chini. "Mwambie wewe ulianza ukiwa na miaka minne."

Nilikwenda nikasema hivyo hivyo. Mwalimu alinitazama, kisha akabandika picha niliyopeleka, ambayo nimesimama mbele ya nyumba yetu nimevaa gauni linalonizidi urefu. Kwenye ule ukuta wenzangu wote walikuwa wachanga, mimi peke yangu nilikuwa na meno.

Alituambia uongo ni dhambi, na alitupeleka kitubioni kuungama. Lakini sokoni, mteja akisema, "Huyu binti mmefanana, hasa paji la uso," Mama aliitikia bila kusita, "Ndiyo, paji hilo ni la marehemu mama yangu." Siku moja tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini anadanganya.

"Sijadanganya," akasema. "Mama yangu amekufa, paji lake halina kazi tena. Nimekupa wewe."

Aliyasema akiwa anaangalia kama barabara ina pikipiki. Tukavuka.

Kuhusu dini yake ningeweza kusema mengi, na mengi yangegongana. Alikulia Tanzania, kama wengi wa rika lake waliorudi nchini kutoka ukimbizini, na sala zake zote alizirudisha kwa Kiswahili. Kanisani watu walisali Kinyarwanda, naye aliitikia pamoja nao kwa kuchelewa kidogo, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye wimbo. Nyumbani ilikuwa Salamu Maria, umejaa neema, sauti moja isiyopanda wala kushuka, kila jioni baada ya kula, sisi tumepiga magoti kwenye mkeka na Baba amekaa kwenye kiti kwa sababu ya goti lake bovu. Fabrisi alipokuwa mdogo aliamini kuna miungu wawili, wa kanisani na wa nyumbani, na kwamba wa nyumbani ndiye mkali. Mama aliposikia hakumrekebisha. Alisema tu, "Wote wawili wanataka unawe miguu."

Hakukosa misa ya kwanza Jumapili. Ijumaa za Kwaresima hatukuona nyama. Hata hivyo maji ya bomba yalipokatika wiki nzima, na sare za watu zinasubiri pasi, alichukua chupa ya maji ya baraka kutoka kwenye kabati, akanyunyizia mashati yote ya shule nzima, akapiga pasi. Baba alishika kichwa.

"Mama Goreti! Maji ya Pasaka?"

"Hao watoto watapata baraka ambayo hawakuiomba," akasema. "Kuna ubaya gani?"

Goreti ni mimi. Kabla yetu watu walimwita kwa jina lake, na jina hilo nililijua nikiwa mkubwa sana, siku niliposikia mjumbe wa mtaa akilisoma kwa sauti. Niligeuka kuona ni nani anaitwa.

Alikuwa na misemo yake aliyoitunga mwenyewe na kuirudia mpaka ikakosa ladha. Mtoto akianguka: "Umeona chini? Chini panakuona pia." Mteja akilalamika sketi ni ndefu: "Mtoto atakua, kitambaa hakitakua." Mtu akimsifu kwa kulea watoto wasio wake, alikunja uso kana kwamba kapewa chai ya baridi. "Wasio wangu ni wapi?" aliuliza, akatazama huku na huku. Wanawake wa jumuiya walimwona mtakatifu, na yeye alichukia neno hilo. Mara moja padri alimtaja kwenye mahubiri, si kwa jina, lakini kila mtu akageuka kumtazama. Jumapili iliyofuata alibadilisha benchi, akahamia nyuma kabisa karibu na mlango, na hapo ndipo anapokaa hadi leo.

Kwa ajili ya kipaimara changu alishona magauni meupe ya mabinti wengi wa parokia. La kwangu alilianza mwisho. Tulifika mlangoni mwa kanisa pindo likiwa limeshikwa na pini, akapiga goti moja kwenye saruji, mbele ya watu, akalishona nimesimama huku maandamano yakiingia. Askofu alipita karibu yetu. Mama hakuinuka. Alikata uzi kwa meno, akanisukuma mgongoni: "Nenda." Nikaenda.

Baba alikuwa fundi wa friji na ndiye aliyecheka kwa niaba ya nyumba nzima. Yeye alikumbatia, alibeba mabegani, aliimba vibaya. Alifariki nikiwa sekondari, moyo, bila kuugua. Nakumbuka watu wengi uani, viti vya kukodi, wanawake wakimwambia Mama "ihangane", yaani vumilia, na yeye akiitikia "yego, yego", ndiyo, ndiyo, kama anayekubali vipimo. Mimi nilisubiri kulia na kilio hakikuja. Fabrisi, aliyekuwa mdogo, alilala juu ya magoti ya mtu asiyemjua. Siku iliyofuata mazishi Mama alifungua kibanda chake sokoni. Jirani yake wa mashine alimshika mkono, akamwambia arudi nyumbani, watu watamshangaa.

"Shule zinafungua Jumatatu," Mama akasema. "Watoto watavaa kilio changu?"

Nilikuwa nimesimama pale nimebeba marobota ya kitambaa. Nilitazama uso wake nione kama kuna kitu kinapita. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uliingia kwa jaribio la kwanza.

Nimesema Fabrisi aliletwa akiwa wa mgongoni. Alikua mrefu kuliko sisi wote, mpole, mwenye kumbukumbu ya ajabu ya nyimbo. Alipomaliza shule alipata kazi Nyabugogo, kwenye stendi, akikata tiketi za mabasi ya mikoani. Kelele zile alizipenda. Aliporudi jioni alituigiza wapiga debe na abiria waliokosa basi, na Mama alikuwa akishona huku mabega yakitikisika, na huko ndiko kucheka kwake.

Kisha akaanza kusema abiria wanamsema. Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Akasema wanajua ametoka wapi, kila anayekuja dirishani anataja jina la mama yake, yule aliyemzaa, kwa sauti ya chini asilisikie vizuri. Siku moja aliacha dirisha wazi na foleni ya watu, akatembea kwa miguu kutoka Nyabugogo hadi kwetu. Nilipofika nyumbani nilikuta ametoa nguo zote kabatini, za kwake na zetu, amezimwaga uani na anazimwagia maji. Alisema zimeandikwa majina ndani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake. Alichokitupa Fabrisi, yeye alikiokota, akakikamua, akakikunja. Hakumzuia. Walifanya hivyo hadi nguo zikaisha.

"Zimekwisha," Fabrisi akasema.

"Zimekwisha," Mama akasema. "Sasa tule."

Jumuiya ilikuja. Walikuja kwa wema, na chakula. Mwenyekiti wake, mama mmoja mnene aliyekulia Bujumbura, alimvuta Mama kando, lakini sauti yake haikujua kwenda kando.

"Mama Goreti, mi nakuambia kama dada yako. Huyu mtoto, damu yake hatuijui. Pengine kwao kuko mambo. Iko bora mumurudishe kwa masista, bamuombee kule."

Mama alikuwa ameshika sufuria ya viazi waliyoleta. "Na damu yangu mimi mnaijua?"

"Wewe tunakujua."

"Mnajua benchi langu," Mama akasema. "Kwao Fabrisi ni hapa. Kitanda chake ni kile pale, mlango ukiwa wazi unakiona."

Lakini si kwamba hakujaribu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaita wanaume wa kikundi cha maombi, na hilo lazima niliseme, kwa sababu baadaye watu walisimulia kana kwamba tangu mwanzo alijua la kufanya. Hakujua. Waliingia chumbani mchana wakafunga madirisha, wakamzunguka Fabrisi, wakamwekea mikono kichwani na kukemea kwa sauti iliyofika barabarani. Mdogo wangu alitetemeka. Kisha akajikojolea, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, na wao wakasema ni ishara pepo anatoka. Mama alipita katikati yao, akafungua dirisha moja, na la pili.

"Mungu si kiziwi," akasema. "Tokeni."

Mmoja akaanza kueleza. Mama alimshika mkono akamsindikiza hadi kwenye geti, kama anavyosindikizwa mteja, akamshukuru kwa kuja. Akarudi akamletea Fabrisi suruali kavu. Kesho yake alimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili, Ndera.

Ni miaka mingi sasa. Fabrisi amekuwa akiingia na kutoka. Akitoka anakaa nyumbani, mzito kwa dawa, anatazama ukuta kwa saa nyingi, na mara moja moja anaimba wimbo mzima bila kukosea neno. Akiacha dawa, tunajua. Wauguzi wa kule wanamfahamu Mama kwa mkoba wake wa kitenge alioshona mwenyewe. Kila Jumapili Fabrisi akiwa kule, Mama anatoka misa ya kwanza anakwenda Ndera moja kwa moja. Sijasikia akilalamika, na kusema kweli sijasikia akisema kitu chochote kuhusu jambo hilo. Mimi niliolewa, nikahamia Musanze kwa kazi. Nikipiga simu ninauliza, "Fabrisi?" ananijibu, "Yupo." Namwambia sawa. Baada ya hapo tunazungumza mvua.

Wakati mwingine watu huniuliza ninajisikiaje kuhusu haya yote, malezi, Baba, mdogo wangu. Natafuta jibu na nakuta pamepoa. Mume wangu anasema nimerithi kwa Mama. Anasema halafu anakumbuka, anataka kuomba radhi, namwambia asihangaike.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya Pasaka, nilikwenda naye Ndera. Nilikuwa nimelala kwake, na asubuhi alinitaka nimbebee chupa ya chai kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Amezeeka. Nguo hashoni tena, macho hayafuati uzi.

Fabrisi alikuja bustanini amevaa kandambili, tumbo limemtoka. Aliketi kati yetu. Mama alitoa maandazi, akammiminia chai, akaipoza kwa kuimimina kikombe hadi kikombe. Kisha akashika mkono wake, akaanza kumkata kucha, kidole kimoja kimoja, akiusogeza mkono karibu na macho ili aone. Fabrisi alimwachia mkono kama kitu cha kuazima.

"Mama, umesali?" akauliza.

"Nimesali."

"Umeniombea?"

"Nimekuombea. Lete mkono mwingine."

Alileta. Alikula maandazi yote, akasema anataka kulala, akaondoka bila kuaga. Mama alifuta mkasi wa kucha kwa khanga, akafunga mkoba.

Tulitembea polepole hadi kituo cha basi. Kule Ndera bado kuna mashamba ya mahindi, na katikati yake nyumba mpya zinapanda, kuta zisizo na rangi, vijana wanachanganya saruji hata Jumapili. Tuliketi kwenye jiwe kubwa kando ya barabara. Sijui ni nini kilinifanya niulize. Labda ni lile jibu lake kwa Fabrisi, lilivyotoka jepesi.

"Mama, mlituchukua kwa ajili ya Mungu?"

Hakushangaa. Alinyoosha miguu, akasugua magoti.

"Ndiyo. Niliweka nadhiri. Baba yako alitaka mtoto, mimi nilitaka kumtii Mungu. Ningewachukua kwa ajili yenu wenyewe, ningewarudisha mapema sana. Wewe ulikuwa unauma watu."

"Nilikuwa nauma?"

"Masista watatu. Nami mara mbili."

Lori la mchanga likapita, tukangoja vumbi litulie. Nilisubiri nione kama maneno yake yananiumiza. Hayakuniuma. Yalikaa tu pale pamoja nasi.

"Na Mungu aliridhika?" nikauliza.

"Sijui. Hatuongei."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimgeukia. Alikuwa anaangalia upande basi linakotokea.

"Huongei na nani?"

"Mimi nasema, kama unavyonisikia nasema. Upande wake kimya. Kama umeme umekatika. Mwanzoni unakaa unangoja, unasema utarudi sasa hivi."

"Tangu Fabrisi augue?"

"Aa, wapi. Zamani."

"Tangu Baba afariki."

"Kabla." Alifikiri. "Fabrisi alikuwa anajifunza kutembea. Hakukuwa na sababu, usitafute sababu. Niliamka siku moja nikakuta kimya. Nilimwambia padri kitubioni, akaniambia niendelee. Nikaendelea."

Nilijaribu kurudi nyuma kichwani. Alikuwa akitugusa nyayo kabla ya jua, mimi na Fabrisi, tunakaa kitandani na usingizi wetu, anatutia alama ya msalaba kwa kidole gumba, anasali ile sala fupi ya asubuhi, halafu ndipo anakwenda kukoroga uji. Kila siku tuliyoishi chini ya paa lake. Niliwahi kufikiri kuwa anafanya hivyo kwa sababu kuna mtu anayemwamsha yeye.

"Lakini ulitusalisha," nikasema. "Asubuhi zote zile. Kama hukusikia kitu, ulikuwa unaamkia nini?"

Mama alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja anayeuliza shati lina mikono mingapi.

"Asubuhi zote zile mlikuwa mnaamka na njaa," akasema.

Alivuta khanga mabegani, akaniuliza kama Musanze mvua zimekuwa nzuri, nikamwambia zimekuwa nzuri, viazi vimekubali. Kijana mmoja wa saruji alitusalimia, tukamwitikia.

Basi likaja. Nilimshika kiwiko apande, akapanda mbele yangu, akachagua kiti cha dirishani, akafumba macho kabla hatujaondoka. Midomo yake haikucheza. Nilikaa pembeni yake, chupa tupu ya chai mapajani, nikatazama mahindi yakipita, kisha kuta, kisha maduka. Kimironko watu walianza kusimama na kushusha mizigo. Nilimgusa bega.

"Mama, tumefika."

"Najua," akasema, macho bado yamefumbwa. "Sijalala."